Pumzi na Ngumi: Nafasi ya Chigongi katika Mazoezi ya Kung Fu

Katika miji ya migodi ya Katanga, nchini Kongo, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kung fu ilitanguliwa na picha yake. Filamu za Hong Kong zilizosambaa duniani katika miaka ya 1970, hasa baada ya Enter the Dragon ya mwaka 1973, mwaka uleule aliofariki Bruce Lee, ziliwafikia vijana wengi kabla hawajampata mwalimu wa kuwaongoza, na vijana hao wakajifunza kwa macho: teke la juu, ngumi ya kasi, mruko na ukelele. Kilichobaki nje ya sinema ni nusu ya pili ya mafunzo, ile isiyovutia kamera kwa kuwa haina mengi ya kutazamwa, yaani kusimama kimya kwa dakika nyingi, kupumua kwa utaratibu, kunyoosha kano na kuituliza fikra. Nusu hiyo Wachina huiita qigong, na hapa itaandikwa chigongi kwa kufuata matamshi yake. Makala hii inashikilia kwamba mwanafunzi wa kung fu, awe katika mji wa Likasi kule Katanga au kwingineko, anapoteza mengi akiiacha, lakini anapoteza zaidi akiipokea pamoja na ahadi za uongo ambazo zimeiandama kwa karne nyingi.

Chigongi ni jina la jumla la mazoezi yanayotawala mambo matatu kwa wakati mmoja, nayo ni mkao wa mwili, mwendo wa pumzi na utulivu wa nia. Katika tiba ya kale ya Wachina, chi ni pumzi na pia ni nguvu ya uhai inayosemekana kuzunguka mwilini kwa njia maalumu, ilhali gongi ni kazi, au ustadi anaoupata mtu kwa kurudia jambo moja siku nenda siku rudi. Sayansi ya leo haijaithibitisha nguvu hiyo kwa vipimo vyake. Hata hivyo, mazoezi yenyewe yanaweza kuelezwa na kupimwa bila kuitegemea, na ni vizuri msomaji atenganishe mambo hayo mawili tangu mwanzo, kwa sababu kuyachanganya ndiko kulikozaa madhara yatakayoelezwa baadaye.

Mazoezi ya namna hii ni ya kale mno. Katika kaburi la Mawangdui, jimbo la Hunan, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa mapema katika miaka ya 1970, wanaakiolojia walikuta kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wanaume kwa wanawake, wakinyoosha mikono, wakiinama na kuiga wanyama, na kando ya baadhi ya michoro hiyo yameandikwa maradhi ambayo zoezi husika lilikusudiwa kuyatibu. Tabibu Hua Tuo, aliyefariki karibu na mwaka 208 baada ya Kristo, anatajwa katika kumbukumbu za kale kuwa alifundisha mchezo wa wanyama watano, yaani simbamarara, paa, dubu, nyani na ndege, ili watu watoke jasho na mwili uwe mwepesi. Hakuna mahali katika habari hizo panapozungumziwa kupigana. Yalikuwa mazoezi ya afya, na kwa muda mrefu yaliishi katika nyumba za waganga na za wafuasi wa dini ya Tao, huku askari nao wakijifunza mkuki, upanga na fimbo katika kambi zao.

Jina la chigongi, kwa maana yake ya leo, ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lilienea baada ya mwaka 1949 kutokana na kazi ya Liu Guizhen, mfanyakazi wa chama cha Kikomunisti katika jimbo la Hebei, ambaye alipona vidonda vya tumbo baada ya kufundishwa mazoezi ya pumzi na mtu wa ukoo wake, kisha akapewa jukumu la kuyafundisha katika vituo vya tiba. Kituo cha Tangshan kilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950 na kitabu cha Liu kikachapishwa mwaka 1957. Kuanzia hapo jina moja likakusanya mazoezi ya matabibu, ya watawa wa Kibuddha, ya Watao na ya wapiganaji, ambayo hapo awali kila kundi liliyaita kwa namna yake.

Swali la lini mazoezi ya pumzi yaliingia katika sanaa za kupigana limechunguzwa kwa makini na mwanahistoria Meir Shahar, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu monasteri ya Shaolin. Anaonyesha kwamba watawa wa Shaolin walisifika kwanza kwa ufundi wa fimbo, na kwamba ni mwishoni mwa utawala wa Ming na mwanzoni mwa utawala wa Qing, yaani katika karne ya 16 na ya 17, ndipo mbinu za mikono mitupu zilipokua na kuchanganywa na mazoezi ya kale ya afya, hata mtu akaweza kutafuta katika zoezi moja uwezo wa kujihami, tiba ya mwili na malezi ya roho. Mfano ulio wazi ni wa Chen Wangting, mwanajeshi wa kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, ambaye wanahistoria wengi humhesabu kuwa chanzo cha taichi, sanaa ya kupigana inayofanywa polepole na inayoonekana leo katika bustani za dunia nzima. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644, mtu huyo alijitenga na mambo ya vita, na katika shairi linalonasibishwa naye anakitaja kitabu cha Kitao cha kuilea pumzi kuwa ndicho rafiki wa uzee wake. Mikao ya sanaa aliyoiacha, kwa upande mwingine, inafanana sana na ile iliyoorodheshwa na jenerali Qi Jiguang katika kitabu chake cha kijeshi cha karne ya 16: kati ya mikao 32 ya jenerali huyo, 29 inaonekana katika taichi ya ukoo wa Chen. Kwa hiyo umbo la mwili lilitoka kambini na pumzi ikatoka kwa wacha Mungu wa Kitao, na aliyeviunganisha ni askari mstaafu aliyehitaji kuendelea kuwa mzima baada ya vita kwisha. Jambo hili lina uzito, kwa sababu linaonyesha kwamba chigongi iliingizwa katika mapigano kwa ajili ya kuutunza mwili wa mpiganaji, kazi ambayo ngumi peke yake haiwezi kuifanya.

Kitabu kilichoufanya muungano huo kuwa fundisho kamili ni Yijin jing, yaani Kanuni ya Kubadili Kano, kilichotungwa mwaka 1624. Mwanafunzi wake alitakiwa kwanza asugue tumbo kwa viganja kwa miezi kadhaa, halafu apigwe mwili kwa nyundo za mbao na mifuko ya kokoto, kidogokidogo, kutoka katikati ya kifua kuelekea pembeni, hadi misuli ikakamaa. Ili kukipa heshima, aliyekitunga alitia dibaji inayodai kuandikwa mwaka 628 na jenerali Li Jing, akisimulia kwamba maarifa hayo yaliletwa Shaolin na Bodhidharma, mtawa aliyetoka India. Lakini dibaji hiyo inasema pia kwamba jenerali alikipokea kitabu kutoka kwa shujaa mwenye ndevu zilizosokotana, ambaye ni mhusika wa hadithi ya kubuni. Wasomi wa China wenyewe waliugundua uongo huo zamani, na mwaka 1930 mtafiti Tang Hao alichapisha kazi iliyovunja hadithi zote mbili maarufu, ile ya Bodhidharma kuwa mwanzilishi wa kung fu ya Shaolin na ile ya Zhang Sanfeng kuwa mbunifu wa taichi. Klabu nyingi duniani bado zinatundika ukutani picha ya Bodhidharma kama babu wa sanaa hii, na heshima hiyo haina ubaya, ila mwalimu anayeifundisha kama historia anawadanganya wanafunzi wake.

Tukiacha hadithi na kuingia katika zoezi lenyewe, mahali panapofaa kuanzia ni kusimama. Wachina huliita zhan zhuang, kusimama kama nguzo, na mwalimu Wang Xiangzhai, aliyeishi kati ya mwaka 1885 na 1963, alilifanya kuwa msingi wa sanaa yake nzima. Mwanafunzi husimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo bila kuvuka vidole vya miguu, kiuno kimeshushwa kana kwamba anataka kuketi, shingo imenyooka, na mikono imeinuliwa mbele ya kifua kama anayekumbatia shina la mti. Anapumua kwa pua, tumbo likijaa anapovuta pumzi na kunywea anapoitoa, wala halazimishi. Baada ya dakika tatu au nne mapaja huanza kutetemeka, na mabega, ambayo mwenyewe alidhani ameyalegeza, hugundulika kuwa yamepanda hadi karibu na masikio. Anayashusha, yanapanda tena, anayashusha. Kijana aliyezoea mateke huona zoezi hili kuwa adhabu, na walimu wengi hulikatisha mapema ili wasimpoteze mwanafunzi; ni hasara kubwa, kwa kuwa kitu kinachofundishwa pale hakifundishiki kwa kasi.

Kitu hicho ni njia ya nguvu ndani ya mwili. Ngumi nzuri haitoki begani. Huanzia kwenye mguu unaosukuma ardhi, hupita kwenye nyonga inayogeuka, hupanda mgongoni na kufika mkononi ikiwa imekusanya uzito wa mwili wote, na bega lililokaza hukata njia hiyo katikati, hata mtu akabaki akipiga kwa mkono mtupu huku akichoka upesi. Anayesimama kila siku huzoea kuutambua mkazo usio na kazi na kuuachilia. Pumzi nayo ina nafasi yake: mpigaji akiitoa wakati ngumi inafika, misuli ya tumbo hujikaza kuuzunguka uti wa mgongo na kiwiliwili kikawa imara kwa nukta hiyo moja, kisha akaivuta anaporudisha mkono. Anayeshika pumzi anapopigana, jambo ambalo karibu kila anayeanza hulifanya kwa hofu, huishiwa nguvu haraka na hukatwa pumzi na pigo la kwanza la tumboni. Aidha, kupumua polepole kwa kutumia kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huchochea neva inayopunguza mapigo ya moyo, na ndiyo maana mpiganaji aliyezoea kupumua hivyo hutulia upesi kati ya raundi moja na nyingine na kuona vizuri zaidi anachofanya mpinzani.

Mwishoni mwa mazoezi panafaa mfululizo wa baduanjin, Vipande Vinane vya Hariri, uliojulikana kwa jina hilo tangu enzi ya Song. Katika kipande cha kwanza vidole vya mikono miwili hufumbatana mbele ya tumbo, viganja hugeuzwa na kusukumwa juu ya kichwa huku pumzi ikivutwa na macho yakiifuata mikono, kisha mikono hufunguka na kushuka kwa pembeni huku pumzi ikitolewa. Mfululizo mzima hauchukui zaidi ya robo saa, hauhitaji chombo wala uwanja mpana, na unaweza kufanywa na mzee wa miaka 70 aliyesimama nyuma ya wajukuu wake.

Shule za kusini mwa China zina njia iliyo ngumu zaidi. Katika mfululizo unaoitwa Waya wa Chuma, unaofundishwa katika sanaa ya Hung Gar, mwanafunzi hukaza misuli dhidi ya misuli huku akitoa sauti nzito zinazoongoza pumzi. Unajenga mikono yenye nguvu ya ajabu, lakini mkazo wa aina hiyo hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na mwalimu asiyewauliza wanafunzi wake habari za shinikizo la damu kabla ya kuufundisha anacheza na maisha yao.

Ugumu huo unatufikisha kwenye chigongi ya maonyesho, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi na watazamaji: mtu anayeukunja mkuki kwa koo, anayevunja matofali kwa kichwa, anayelala chini jiwe likapasuliwa kwa nyundo juu ya kifua chake. Mazoezi yapo, na ujasiri upo, lakini maelezo ya kweli ni ya kawaida. Mkuki wa maonyesho una mti unaonyumbulika na ncha isiyo kali, na ukishaanza kujikunja nguvu nyingi huishia katika ule mkunjo. Jiwe la kifuani likiwa zito zaidi mtu huwa salama zaidi, kwa kuwa uzito wake hulipokea pigo na kulisambaza kabla halijafika mbavuni, jambo ambalo mchimbaji yeyote wa Likasi aliyepiga mwamba mkubwa kwa nyundo ndogo amelihisi mikononi mwake. Hakuna nguvu isiyoonekana inayohitajika kueleza hayo, na kijana anayejaribu kuyaiga nyumbani bila kujua siri ya jiwe na ya mkuki anaweza kuvunjika mbavu au kufa.

Hatari ya kuiamini nguvu hiyo imekwisha kuandikwa kwa damu. Mwaka 1900 maelfu ya vijana wa kaskazini mwa China, waliojulikana na wageni kama Mabondia, waliingia vitani dhidi ya majeshi ya mataifa manane wakiamini kwamba mazoezi yao ya ngumi na ya pumzi, pamoja na kupandwa na mizimu, yangewakinga na risasi; hayakuwakinga. Miaka mitano baadaye, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikaacha nchi yenye njaa na makaburi. Kongo nayo iliwaona waasi wa Simba wa mwaka 1964 wakiingia mapiganoni na maji ya kinga yaliyoitwa ya Mulele, na watu wa mkoa wa Haut-Katanga hawahitaji kukumbushwa habari za makundi ya Mai-Mai yaliyowatesa wakazi wa Mitwaba na Pweto. Mabondia hawakuwa wajinga kuliko wengine. Walikuwa vijana maskini katika nchi iliyovamiwa, na mtu aliyewaahidi mwili usiopenywa na risasi aliwapa kile walichokihitaji mno hata wasiweze kukichunguza. Ndiyo sababu mwalimu wa leo, maître kama wanafunzi wa Kongo wanavyomwita, ana wajibu mzito zaidi anapofundisha katika eneo ambalo ahadi kama hiyo bado inaaminika na silaha bado zimo mikononi mwa watu.

Uongo wa pili ni wa tiba. Katika miaka ya 1980 na 1990 China ilikumbwa na shauku kubwa ya chigongi, viwanja vikajaa watu waliotarajia kuponywa saratani na upofu na wakuu wa makundi waliodai kutoa nguvu kupitia viganja vyao. Kundi moja kati ya hayo, Falun Gong, lilikua hata serikali ikalipiga marufuku mwaka 1999, na mwaka 2003 serikali hiyohiyo ikachapisha mifululizo minne rasmi, ukiwemo ule wa baduanjin na ule wa wanyama watano, ili watu wafanye mazoezi bila mkuu wa kuabudiwa. Madaktari wa China walikwisha kueleza pia kwamba baadhi ya watu wanaojilazimisha kupumua na kutafakari kwa saa nyingi bila uangalizi huanza kuona na kusikia visivyokuwepo. Kinachobaki baada ya kuondoa madai hayo si haba. Utafiti uliofanyika Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la New England, uliwafuatilia wagonjwa 195 wa ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemesha mwili na kuharibu mizani yake. Waliofanya taichi, ambayo kama tulivyoona inaunganisha pumzi na mwendo, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama kwa uthabiti zaidi na kuanguka mara chache kuliko wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo peke yake. Mizani bora, usingizi bora, viungo vinavyodumu: hayo yanatosha kumfanya mtu aamke mapema.

Likasi ina sababu yake ya kulitafakari jambo hili. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966 na ambao komini zake nne ni Likasi, Kikula, Panda na Shituru, uko katikati ya ukanda wa shaba na kobalti ambamo kampuni za Kichina zimeweka viwanda na wafanyakazi wengi tangu mwanzoni mwa karne hii, na mkataba wa mwaka 2008 uliozaa kampuni ya Sicomines kule Kolwezi umezidi kuwakaribisha. Kwa mara ya kwanza kijana wa Katanga anaweza kukutana barabarani na mtu aliyejifunza baduanjin shuleni kwao, wala hategemei tena kanda ya filamu. Ni nafasi ambayo klabu za mji zingefaa kuitumia kwa kuuliza na kulinganisha.

Lakini mji huu una vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukoma, malori ya madini hupita katika barabara ya kutoka Kolwezi kuelekea Lubumbashi, na hewa iliyo kando ya barabara hiyo haifai kuvutwa kwa nguvu hadi chini ya mapafu, kwa kuwa pua huzuia chembe kubwa tu na zile ndogo kabisa za mawe hupita. Chigongi ifanywe alfajiri, kwenye majani, mbali na barabara na moshi wa viwanda, na siku ya vumbi zito ifanywe ndani au iahirishwe. Kwa mchimbaji onyo hili ni kali zaidi. Vumbi la mwamba likishatia makovu katika mapafu hakuna zoezi la pumzi linaloyafuta, na mapafu hayo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mengine. Anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, anayekonda au kutoka jasho usiku, aende kupimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua kabla ya kwenda kwa mwalimu yeyote wa pumzi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure na mpango wa taifa, na zikimezwa hadi mwisho huponya.